Epidemoidi ya ubongo: mwendo wa kifuko unapobadilika

Mgonjwa aliyetolewa kifuko kichwani hurudi kliniki akisubiri jambo moja tu: majibu ya kinyama, yaani kipande cha tishu kilichopelekwa maabara. Akiambiwa si saratani, familia nzima hupumua. Kwa karibu wagonjwa wote wa epidemoidi, yaani kifuko cha seli za ngozi kilichoota ndani ya fuvu, majibu hayo ni ya kweli, na yatabaki kuwa ya kweli maisha yao yote. Shida huanzia kwenye kinachofuata. Faili linafungwa, CD ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) inapotelea nyumbani, tarehe ya kurudi haiandikwi, ilhali kipande cha ganda la kifuko kimebaki kimeshikamana na shina la ubongo. Kwa watu wachache sana kipande hicho ndicho kinachokuja kugeuka saratani. Kwa kuwa ni wachache, mara nyingi hakuna anayelifikiria jambo hilo hadi muda umekwisha kupotea.

Tuanze na kifuko chenyewe. Kati ya wiki ya 3 na ya 5 ya mimba, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga na kujitenga na tabaka la nje litakalokuwa ngozi. Seli chache za tabaka hilo zikinaswa ndani, mtoto huzaliwa na punje ya ngozi mahali pasipo pa ngozi. Seli hizo huzaliana, hukomaa, hufa na kubanduka kama zile za ngozi ya mkono, ila huku ndani hakuna kuoga wala kujisugua: mabaki yote hurundikana. Baada ya miaka mingi panakuwa na mfuko wa ganda jembamba uliojaa keratini (protini ngumu ya ngozi na kucha) na kolesteroli. Mwaka 1829 daktari Mfaransa Jean Cruveilhier aliuita uvimbe wa lulu kwa weupe wake unaong'aa, na jina hilo lingali linatumika hadi leo.

Epidemoidi ni takriban asilimia 1 ya vivimbe vyote vya ndani ya fuvu. Karibu nusu yake hukaa kwenye pembe iliyo kati ya ubongo mdogo na shina la ubongo, usawa wa nyuma ya sikio, mahali zinapopita neva ya uso, neva ya kusikia na ile inayoleta hisi za uso. Nyingine hukaa karibu na tezi ya pituitari, ndani ya chumba cha nne cha maji ya ubongo, au ndani ya mfupa wa fuvu wenyewe.

Jambo la kushika kuliko yote ni mwendo wake. Mwaka 1977 mwanapatholojia wa ubongo Ellsworth Alvord alionyesha kwamba epidemoidi hukua kwa mwendo wa ngozi ya kawaida, yaani kiasi kilekile mwaka hadi mwaka, si kwa kujizidisha maradufu kama saratani. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa nayo huja kupata dalili ya kwanza akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Hata hapo dalili huja polepole: sikio moja linapungua usikivu, maumivu makali ya ghafla yanapiga upande mmoja wa uso, kizunguzungu, kichwa kuuma, pengine kifafa ikiwa kifuko kipo karibu na upande wa ubongo juu ya sikio. Mgonjwa akiulizwa ilianza lini, hujibu kwa miaka. Anapoanza kujibu kwa wiki, fikra ya daktari inapaswa kubadilika papo hapo.

Kabla ya kuendelea, niwatulize wengi watakaosoma hapa wakiwa na ripoti ya MRI mkononi. Si kila kifuko cha kichwani kinahusika. Kifuko cha araknoidi, ambacho huonekana sana kwa bahati tu mtu anapopimwa kwa sababu nyingine, kimejaa maji ya ubongo na hakina seli za ngozi. Si katika hivi tunavyovizungumzia. Vifuko vya minyoo ya tegu, ambavyo ni tatizo la kweli katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbulu kule Tanzania, ni ugonjwa wa kimelea wenye matibabu yake. Vinavyojulikana kugeuka saratani, tena kwa nadra, ni epidemoidi. Demoidi, ambayo ni ndugu yake yenye vinyweleo na tezi za mafuta ndani. Kraniofarinjioma, uvimbe unaoota karibu na tezi ya pituitari, hasa iliyopasuliwa mara kadhaa na kupigwa mionzi. Na mara chache kabisa kifuko cha Rathke, kinachotokana na mabaki ya kuumbika kwa tezi hiyo, au kile kinachotokana na mabaki ya tishu za utumbo, ambacho saratani yake huwa ya tezi. Katika hivi vyote epidemoidi ndiyo inayoongoza, na saratani yake huwa ya seli bapa, seli zilezile zinazofunika ngozi, mdomo, umio na mlango wa kizazi.

Kwa nini basi ganda huachwa? Swali hili huulizwa kwa uchungu, wakati mwingine kwa lawama, na jibu lake liko chini ya darubini ya upasuaji. Mpasuaji hufungua dirisha dogo la mfupa nyuma ya sikio, hukata utando mgumu wa ubongo, hutoa maji kidogo ili ubongo mdogo ulegee, ndipo weupe unapojitokeza. Vilivyomo ndani hutoka bila taabu kubwa: humegwa vipande vipande na kunyonywa. Kazi ni ganda. Ni jembamba mno, halikusukuma vitu kando bali limepenya kila mwanya, likazunguka mishipa ya damu na neva nyembamba ambazo miaka imezifanya zilegee na kunyooka. Pale liliposhikamana na shina la ubongo, kulibandua kwa nguvu kunaweza kumwacha mgonjwa hawezi kumeza, uso umepinda, au hapumui mwenyewe. Kuacha kipande hapo ni uamuzi sahihi, nami nautetea bila kusita. Ninachodai ni kwamba kipande hicho kiandikwe: kimeachwa wapi, kina ukubwa gani, kimegusa neva au mshipa upi. “Uvimbe umetolewa wote” kwenye ripoti ya upasuaji, wakati haukutolewa wote, humdanganya kila daktari atakayelishika faili hilo miaka 15 baadaye. Kamera nyembamba ya endoskopu husaidia kuona kona ambazo darubini haifiki, na mara nyingi huonyesha weupe uliodhaniwa umekwisha.

Vilivyomo vikimwagika kwenye maji ya ubongo huleta homa ya uti wa mgongo isiyo na vijidudu: joto, shingo kukakamaa, kichwa kuuma vibaya, na kipimo cha kuotesha vijidudu hakioti kitu. Kuizuia, eneo huzungushiwa pamba za upasuaji kabla ya kufungua kifuko, huoshwa kwa maji ya chumvi, baadhi ya wapasuaji wakiongeza haidrokotisoni, na mgonjwa hupewa deksamethasoni kwa siku kadhaa; zote mbili ni steroidi za kutuliza mwasho. Antibayotiki hutolewa hadi majibu ya maabara yathibitishe hakuna vijidudu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwasho wa namna hiyo, unaojirudia kila kifuko kinapovuja, ndio unaoshukiwa zaidi kuwa chanzo cha seli za ganda kuharibika. Ni dhana, wala haijathibitishwa kwa majaribio, lakini inaoana na tunachokiona kwenye ngozi ya nje: makovu ya moto na vidonda visivyopona kwa miaka navyo huota saratani ya seli bapa.

Kisa cha kwanza cha epidemoidi ya ubongo kugeuka saratani kilielezwa na Ernst mwaka 1912. Tangu hapo vimeandikwa kimoja kimoja, kutoka Japani, Marekani, Ulaya, Uchina na kwingineko. Ukivisoma kwa pamoja unaona njia mbili. Ya kwanza, saratani hukutwa tayari kwenye upasuaji wa mara ya kwanza. Ya pili, huota kwenye ganda lililoachwa, na muda kati ya upasuaji na saratani umetofautiana kuanzia miezi michache hadi zaidi ya miaka 30. Wale wa miezi michache wanastahili kutazamwa kwa jicho kali: inawezekana saratani ilikuwapo tangu mwanzo, ila kinyama kilichopelekwa maabara hakikuigusa. Wengi wa wagonjwa wapo kwenye miaka yao ya hamsini, yaani wakubwa kuliko wale wa epidemoidi ya kawaida.

Dalili zinazotakiwa kumshtua mtu ni hizi. Uso kupooza upande mmoja ndani ya wiki chache. Epidemoidi tulivu, hata ikiwa kubwa, mara nyingi huiacha neva ya uso ikifanya kazi. Kichwa kuuma kinachozidi kila wiki, pamoja na kutapika asubuhi. Kuona vitu viwili viwili, kupaliwa wakati wa kunywa, sauti kukwaruza, kuyumba kunakoongezeka. Na kwa aliyekwisha kupasuliwa: hali iliyokuwa ikiimarika inarudi nyuma ndani ya miezi mitatu ya kwanza bila maambukizi yanayoonekana. Hapa pana mtego mmoja. Deksamethasoni hupunguza uvimbe wa ubongo unaozunguka saratani, na mgonjwa anaweza kuonekana amepona kwa wiki kadhaa. Nafuu inayoletwa na dawa hiyo haithibitishi kwamba hakuna saratani. Ikiwa dalili zinarudi kila dozi inapopunguzwa, piga picha mpya.

Picha hiyo iwe MRI. Kwenye CT (picha ya eksirei inayoundwa na kompyuta) epidemoidi hufanana na maji, na ikiwa ndogo au imejipenyeza kwenye mianya huweza kupitwa kabisa. Hata MRI yenyewe haisaidii ikiwa imepigwa kwa haraka bila sehemu zinazohitajika. Fomu ya kuomba kipimo iandikwe wazi: T1, T2, FLAIR (zote ni aina za picha ndani ya MRI moja), DWI inayoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu pamoja na ramani yake ya vipimo, ADC, kisha T1 baada ya dawa ya kung'arisha yenye gadolini, vipande vyembamba vya takriban milimita 1 katika eneo la nyuma ya ubongo. Dozi ya kawaida ya dawa hiyo ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Figo zipimwe kwanza kwa kipimo cha damu cha kreatinini, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu.

Epidemoidi tulivu hufuata desturi yake. Kwenye T1 na T2 inakaribia sana rangi ya maji ya ubongo. Kwenye FLAIR haizimiki yote kama maji yanavyozimika. Kwenye DWI inawaka nyeupe, na hapo ndipo inapotofautiana na kifuko cha araknoidi. Baada ya gadolini haing'ai, au ina mstari mwembamba tu pembeni. Saratani huvuruga desturi hiyo. Kunatokea kinundu au ukuta mnene unaong'aa baada ya gadolini, ubongo wa jirani unavimba, na lile eneo lililokuwa likiwaka kwenye DWI linapoteza weupe wake mahali palipoota saratani. Mng'ao peke yake hautoshi kuhukumu, maana kovu la upasuaji nalo hung'aa, na mwasho wa keratini iliyovuja pia hung'aa. Tofauti huonekana kwa kulinganisha: kovu hubaki au hufifia, saratani huongezeka kati ya picha moja na inayofuata. Ndiyo maana picha ya zamani ina thamani sawa na mpya. Msomaji wa picha asiyepewa ya zamani hana cha kulinganisha, na ataishia kuandika “yawezekana ni mabadiliko ya upasuaji.”

Maabara ndiyo inayotoa hukumu, na maabara husoma kile tu ilichopelekewa. Kosa linalojirudia ni kupeleka keratini peke yake. Mwanapatholojia akiletewa uji mweupe usio na ganda ataandika kwamba unaendana na epidemoidi, na atakuwa hajakosea. Lakini hakuonyeshwa mahali saratani inapoota. Kinachotakiwa ni ganda lenyewe, kutoka sehemu zaidi ya moja, hasa popote penye unene, wekundu, ugumu au panapotoka damu kwa urahisi. Tishu inayonyonywa na mashine ikusanywe kwenye chujio badala ya kumwagwa. Kinyama kitiwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye ujazo usiopungua mara 10 ya ujazo wa tishu, chupa iandikwe jina, tarehe na upande, na fomu iseme kama mgonjwa amewahi kupasuliwa hapo kabla. Sentensi hiyo moja ya historia humfanya msomaji akate vipande zaidi.

Chini ya hadubini, ganda tulivu ni safu ya seli bapa zilizopangana vizuri, za chini zina viini vyeusi, za juu zinapauka hadi kuwa vigamba visivyo na kiini. Kisa kilicho wazi cha kugeuka huonyesha safari nzima kwenye kipande kimoja: upande huu safu tulivu, kisha viini vinakuwa vikubwa na mpangilio unavurugika, seli zinagawanyika hadi juu, kisha ukingo wa chini unavunjika na vikundi vya seli vinaingia kwenye tishu ya ubongo, vingine vikiwa na viduara vya keratini katikati. Ukiona mpaka huo, huna haja ya kubishana saratani imetoka wapi. Madoa ya p40 na CK5/6, yaani rangi za maabara zinazoshika protini fulani za seli, huthibitisha kuwa ni seli bapa, na Ki-67 huonyesha kasi ya kugawanyika. Madoa hayo, hata hivyo, hayawezi kusema kama saratani imeanzia kichwani au imetoka kwingine.

Na kutoka kwingine ndilo jambo la kuondolewa shaka kwanza. Mwaka 1981 Garcia na wenzake waliweka masharti: saratani iwe ndani ya utando mgumu wa ubongo, isiwe imevuka kwenda kwenye mfupa, isiunganike na sikio la kati wala matundu ya hewa ya uso, na pasiwe na uvimbe nyuma ya pua. Waliofuata wakaongeza haja ya kuonyesha ganda tulivu ndani au kando ya saratani. Kwa Afrika Mashariki masharti haya yana uzito wa pekee. Saratani ya umio ya seli bapa ni ya kawaida kwetu, na ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa achunguzwe mdomo, koo na nyuma ya pua kwa kamera, apigwe CT ya kifua na tumbo, mwanamke akaguliwe mlango wa kizazi, mwenye shida ya kumeza apimwe umio kwa endoskopu, na ngozi ikaguliwe mwili mzima, kichwani pia. Hali ya VVU ijulikane. Kazi hii ni ya wiki moja ikipangwa vizuri, isichukue mwezi.

Matibabu huanza kwa kutoa saratani kadiri inavyowezekana bila kumvunja mgonjwa. Ikiwa maji yamejaa kichwani, huwekwa bomba la kuyapitisha, pengine kabla ya upasuaji mkubwa. Kisha mionzi. Dozi iliyozoeleka ni kati ya Gy (gray, kipimo cha dozi ya mionzi) 50 na 60, ikigawanywa kwa Gy 1.8 hadi 2 kila siku, siku tano kwa wiki; yaani takriban wiki tano hadi karibu saba. Shina la ubongo liko hapohapo, nalo huvumilia karibu Gy 54, hivyo mpango wa mionzi uchorwe juu ya MRI iliyounganishwa na CT, na kinyago cha kutuliza kichwa kikae sawasawa kila siku. Mionzi ya miale mingi iliyolengwa kwa pamoja hutumika pia, hasa kwa kinundu kidogo kilichobaki. Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza na Hospitali ya Kenyatta Nairobi hutoa tiba ya mionzi. Kinachopoteza muda mara nyingi ni karatasi kati ya hospitali ya upasuaji na ya mionzi. Ombi la rufaa liandikwe siku majibu ya maabara yanapotoka, lisisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Dawa za saratani hazina mpango mmoja uliokubaliwa, kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno kufanyiwa utafiti mkubwa. Madaktari huazima zile za saratani ya kichwa na shingo, hasa sisplatini au kaboplatini. Familia iambiwe ukweli huu kabla haijauza shamba kufuata dawa nje ya nchi. Waliopasuliwa tu bila tiba nyingine, wengi wameishi kwa miezi. Waliofuatiwa na mionzi wameishi zaidi, mara nyingi mwaka na kitu, na wachache wamefikisha miaka kadhaa.

Seli zikisambaa kwenye maji ya ubongo na uti, hali huwa nzito zaidi. Dalili zake ni maumivu ya mgongo, miguu kufa ganzi, mkojo kuziba au kutoka wenyewe. Hapo MRI ya uti mzima huhitajika pamoja na maji ya uti kwa ajili ya kutafuta seli: mililita 10 au zaidi, zifike maabara haraka kabla seli hazijaharibika, na kipimo kirudiwe kikitoka safi ilhali shaka ipo, maana mara moja hukosa wagonjwa wengi. Maji ya uti yasichomwe kabla ya picha ya kichwa. Kwa mwenye uvimbe nyuma ya ubongo na shinikizo lililopanda, kuyatoa kwa chini kunaweza kuusukuma ubongo kwenye tundu la fuvu na kumuua. Timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, iingie mapema, tangu wiki ya utambuzi, kwa ajili ya maumivu, kumeza, na jicho lisilofumba. Jicho hilo la upande uliopooza hukauka na kupata kidonda upesi: matone ya kulilainisha mchana, mafuta ya macho na plasta ya kulifunga usiku, kila siku bila kuruka.

Kwa yule ambaye epidemoidi yake ni tulivu, ratiba ninayoipendekeza ni hii: MRI ya kwanza ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya upasuaji, ili ijulikane kilichobaki kabla kovu halijaanza kung'aa, ya pili baada ya miezi 3, kisha kila mwaka kwa miaka mitano, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu ikiwa ganda lilibaki, bila kuweka mwaka wa kukoma. Mahali ambapo bima hailipi picha ya kila mwaka, heri picha mbili kamili zenye DWI na gadolini kwa vipindi virefu kuliko nne pungufu. Dalili mpya haisubiri ratiba.

Nyumbani kwa mgonjwa pawe na bahasha moja isiyogawanywa: CD ya kila MRI yenye picha zenyewe na si karatasi ya ripoti tu, nakala ya ripoti ya upasuaji inayotaja ganda lililobaki, namba ya maabara ya kinyama, na orodha ya dawa. Namba ya maabara ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Vipande vya nta vyenye tishu hutunzwa kwa miaka, na hata baada ya miaka 10 mwanapatholojia anaweza kuvikata upya na kuangalia kama ganda lilikuwa limeanza kubadilika. Ukihamia mji mwingine, omba vipande hivyo, au barua ya kuviazima, pamoja na CD zako, siku ileile unayochukua rufaa.